Sikio la Wakata Nyasi

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa ya Jumanne. Machibya hakujua kwamba ni ya mwisho, kwa hiyo hakuitazama sana.

Mkewe, Odeta, aliamka kabla ya jua, akawasha mkaa, akateleka uji. Machibya alikaa mlangoni anafunga viatu. Akaona povu linapanda. "Uji unafurika," akasema. Odeta alikuwa amempa mgongo, anakunja kanga. Hakujibu. Uji ukafurika, ukazima mkaa nusu. Machibya akadhani mkewe kaamka na lake moyoni. Akanyamaza. Si mtu wa kurudia neno.

Walipokuwa wanakunywa, ndege ikapita juu ya bati, chini chini, nyumba ikatetemeka. Odeta akainua macho.

"Boeing," akasema. "Imejaa."

Machibya akanywa uji wake. Kisha mke akachukua fyekeo nyuma ya mlango, akaenda zake kiwanja cha ndege. Mume akachukua kisu chake na kipande cha tairi, akaenda zake sokoni Mabatini. Maneno manne asubuhi nzima, na hakuna aliyeona kasoro. Baada ya siku hiyo asubuhi zilikuwepo, mwaka mzima na ushee, lakini za kawaida hazikuwepo tena.

Sasa Odeta amezikwa. Alianguka jikoni mwezi wa tatu, presha, akakaa siku tatu, akaenda. Watu waliokuja msibani pale Pasiansi walisema mengi. Alikuwa na utani. Alikuwa hapiti mlango wa mgonjwa bila kuingia. Yote kweli. Ila hakuna aliyezungumza habari za ndege, na mtu akimweleza Odeta bila ndege amemweleza mwanamke mwingine.

Alizaliwa upande wa Magu, kwa wafuga ng'ombe. Shule hakuiona. Machibya naye hakuiona. Walioana, wakaja mjini zamani, wakati ndege bado ni za Shirika la Afrika Mashariki. Machibya akajifunza kukata katambuga, viatu vya matairi. Odeta akapata kazi ya kukata nyasi kiwanja cha ndege.

Ni kazi ambayo msafiri haioni. Anapita juu yake, basi. Nyasi ziko pande zote mbili za njia ya kurukia. Zikirefuka, makorongo wanajificha humo, na korongo mmoja akivutwa na injini ni balaa. Kwa hiyo zilifyekwa mwaka mzima, na wanawake kumi na wawili, kwa mkono. Ndege ikikaribia, mzee wa bendera alipandisha bendera nyekundu mwisho wa njia, na wakata nyasi wakarudi nyuma ya mstari wa mawe meupe. Ndiyo sheria. Bendera haikuwahi kukosea hata siku moja.

Lakini mwanamke aliyeinama na fyekeo haoni bendera. Anaona nyasi.

Mwaka wa tatu wa kazi, wenzake waliona kitu. Odeta alikuwa akinyooka kabla ya bendera. Anasimama, anageuza shingo upande wa ziwa, anainua fyekeo juu. Wanarudi kwenye mawe, wanakaa, wanafungua viporo vyao. Wanakula nusu ya kiazi ndipo bendera inapanda. Mara ya kwanza walisema kabahatisha. Mara ya kumi hawakusema kitu. Baada ya mwaka hakuna aliyehangaika na bendera. Walimtazama Odeta. Aliyekuja mgeni kazini aliambiwa neno moja tu: "Mama Luhende akisimama, simama." Luhende ni mtoto wao wa kwanza, yule aliyeko Shinyanga.

Jioni alikuwa akimsimulia mumewe. Machibya anachonga tairi, yeye anachambua dagaa, anasema.

"Foka anapiga mluzi, kama mvulana anayerudisha ng'ombe nyumbani." Foka ndiyo Frendishipi, ile ya mapangaboi mawili, mabawa juu. "Boeing hapigi mluzi, anaguguma. Mrusi anayebeba minofu ya samaki, mwenye injini nne, anakuja kama lori la pamba linapanda mlima. Huyo hata maiti anamsikia."

"Mm," Machibya anajibu.

"Nikisikia Foka amebeba abiria wachache najua. Mluzi unakuwa mwepesi."

"Mm."

Yeye ndege zilikuwa hazimhusu. Kitu kimoja tu cha ndege alikipenda, tairi. Matairi yaliyochoka ya ndege yaliuzwa kwa mafundi, na katambuga ya tairi hilo haiishi. Pale Mabatini aliwaambia wateja, "Kiatu hiki kimeshatua Nairobi kabla ya kutua mguuni kwako." Ndiyo mzaha wake mmoja. Aliutumia miaka ishirini.

Kisha ikaja ruksa. Kila kitu ruksa. Mitumba ikajaa Mabatini, viatu vya ngozi vya wazungu kwa bei ya katambuga, Machibya akabaki na wazee wenzake na wachunga ng'ombe. Kule kiwanjani Serikali ikapunguza watu. Wanawake kumi na wawili wakaagwa, wakakaa nyumbani miezi miwili, wakaitwa tena. Nyasi zile zile, mafyekeo yale yale, ila sasa walikuwa chini ya mkandarasi, kijana mmoja anaitwa Nkwabi. Odeta akasema, "Nimeachwa na mume nikaolewa na mtoto wake." Wakacheka, wakainama.

Na ndege zikabadilika. Zamani zilikuwa za baba mmoja, Serikali, zote na twiga mkiani, na saa zake unazijua. Sasa kila tajiri ana ya kwake. Hii ina mstari mwekundu, hii ina nyota, hii inakuja Jumatatu, hii inakuja ikijisikia. Mojawapo ilijiita Sangara Air. Ndege ndogo nyeupe, samaki wa buluu mkiani. Leti, waliiita, imetengenezwa huko Cheki. Ilianza kuja mwaka ule wa Elnino, mvua zilipogoma kukatika na nyasi zikafika kifuani.

Jumanne ile basi, saa nne hivi, walikuwa wametawanyika. Rebeka, mama wa watoto wanne, alikuwa anavuka njia ya kurukia na mzigo wa nyasi kichwani, anaupeleka kwenye tela upande wa pili. Bendera ikapanda. Hakuna aliyeitazama. Walikuwa wameinama kumi na mmoja, na Odeta katikati yao ameinama.

Mzee wa bendera akapiga kelele, akakimbia na bendera mkononi, ndipo Rebeka akageuka. Ndege ilikuwa imeshashuka chini chini juu ya maji, samaki wa buluu anaonekana magamba. Rebeka hakukimbia. Rubani akaivuta ndege juu, ikanguruma, ikapita, mzigo ukaruka kutoka kichwani kwa Rebeka na nyasi zikasambaa kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Ikazunguka ziwani, ikarudi, ikatua salama. Abiria wakashuka na mabegi yao.

Odeta alinyooka kivuli kilipompita mgongoni. Siyo kabla.

Rebeka alikuwa amekaa chini kwenye lami. Wenzake walimbeba mpaka kwenye mawe. Alipopata pumzi hakumlaumu rubani wala bendera. Alimtazama Odeta.

"Mayu, mama yangu," akasema, "mbona hukusimama?"

Odeta akasema, "Ile haina sauti. Ndege gani ile, haina sauti?"

Nkwabi alikuja mchana. Alisalimia kwanza, shikamoo mama, akachuchumaa. Alikuwa kijana wa adabu, ila macho yalikuwa mekundu. Watu wa mnara walikuwa wamekwisha kumsema.

"Mama, nimewauliza wote kwa nini hawakuona bendera. Wote jibu moja. Mama hajasimama."

"Ndege haina sauti, mwanangu."

"Inawezekana. Mimi sizijui." Akang'oa unyasi, akautafuna. "Sitaki kukuondoa kwa maneno ya watu. Mpaka wiki iishe fyekeni kule kwenye uzio tu, msivuke. Jumatatu uje uniambie mwenyewe. Ukisema masikio mazima, ni mazima, tunaendelea kama zamani. Ukisema si mazima, tutaona la kufanya. Lakini useme wewe. Wale hata nikiwachapa hawatatazama bendera. Wanakutazama wewe."

Jioni Odeta alimweleza mumewe yote. Alieleza sana, mara mbili, mara tatu, na kila mara ndege ilizidi kuwa kimya. Hizi mpya ni za kisasa, alisema. Wamezifunga kitu kwenye injini. Zinakuja kama paka.

"Mm," Machibya akasema.

Ijumaa akamwambia, "Jumapili nisindikize uzioni."

Machibya aliacha kisu. Uzioni alikuwa anapasikia tu. Pale nje ya uzio wa kiwanja, penye mwinuko, Jumapili mchana walikutana watu wa ndege. Hawakuwa marubani wala wasafiri. Wengi wao hawakuwahi kupanda hata moja. Walikuwa watu wa kuzipenda tu. Walikuja na karanga, wanakaa kwenye matofali, wanabishana mpaka jua linazama. Walijiita Bunge.

"Kufanya nini?" Machibya akauliza.

"Nikaijifunze ile Leti. Wao wanazijua zote. Nikiisikia mara moja tu nikaishika, Jumatatu nina la kusema."

Wakaenda. Wa kwanza kuwaona alikuwa Nurdin, fundi redio wa Mabatini, ambaye meza yake haiko mbali na pa Machibya. Alikuwa na redio ya kujitengenezea inayonasa sauti za marubani, zaidi ikinasa mikwaruzo.

"Shikamoo mzee Machibya! Leo umeyafuata matairi yakiwa bado miguuni mwa mwenyewe?"

"Marahaba."

Mwingine, Shaibu, mzee aliyekuwa kuli wa mizigo humo humo kiwanjani, alimwona Odeta nyuma. Akasimama, akavua kofia.

"Simameni jamani, Spika anaingia!"

Wote wakasimama kweli. Odeta akashangaa. Shaibu akamweleza, akimsogelea usoni kama wanavyofanya wapenda maneno.

"Mama, wewe hutujui, sisi tunakujua miaka. Redio ya huyu ikikoroma na sisi tunabishana inakuja au haiji, tunatazama kule kwenye nyasi. Fyekeo likipanda, hoja imepita."

Odeta akacheka, akafunika mdomo na kanga. Machibya alikuwa hajamwona mkewe akiona haya tangu walipokuwa vijana.

Wakampa tofali zuri. Mjadala ukaendelea ulipoachwa.

"Mimi chama changu ni Boeing," Shaibu akasema. "Unakunywa soda, hujaimaliza, Dar hiyo."

"Na umeona nini njiani?" Nurdin akadakia. "Boeing bawa liko chini ya dirisha. Umesafiri kwenda kuangalia bati. Foka bawa liko juu, ziwa lote lako, visiwa, mitumbwi, hata shemeji yako akiiba nyavu unamwona."

"Foka imezeeka. Imeundwa mimi sijaoa."

"Na tangu hapo umeoa mara ngapi? Yupi amedumu kama Foka?"

Wakaangua kicheko. Mtu mmoja akamwaga karanga. Shaibu alicheka kuliko wote, akapangusa macho.

"Haya, vyama vingi hivi. Na hawa wa Sangara? Mtu anaitaje ndege yake samaki? Samaki ni wa kuzama."

Odeta alisubiri kicheko kiishe. Kisha akamgeukia Nurdin, akamtazama mdomo.

"Ile Leti ya Sangara. Mbona haina sauti?"

"Leti?" Nurdin akashangaa. "Mama, ile ni mashine ya kusaga imefungwa mabawa! Kila injini ina pangaboi la mapanga matano. Ikiwa bado kisiwani huko tunaanza kuisik..." Akakatika. Alikuwa ameshasikia habari ya Rebeka, mji mzima ulisikia.

"Kwangu haikusikika," Odeta akasema.

"Upepo," Shaibu akasema haraka. "Upepo wa ziwani unabeba sauti, unapeleka Igoma huko. Mambo ya upepo, mama."

"Upepo," wengine wakaitikia.

Walikuwa na mchezo wao. Redio ikisema ndege iko njiani, wanaizima. Wote wanageuka, wanalipa ziwa mgongo, wanafumba macho. Wa kwanza kusikia anainua mkono na kuitaja jina. Akikosea analipa karanga. Leo Leti ilikuwa inatoka Bukoba. Nurdin akakaza sikio kwenye mikwaruzo, akasema, "Ameita mnara," akazima. Shaibu akamwambia Odeta, "Karibu, Spika. Wewe ndiye mwenye mchezo."

Wakapanga mstari. Odeta akasimama katikati, akafumba macho. Machibya akasimama pembeni yake. Yeye hakufumba, hakuna aliyemwambia.

Kulikuwa kimya. Nyasi tu. Muda ukapita.

Machibya akasikia. Kwanza ilikuwa kama nyuki ndani ya debe. Akafikiri ni nyuki. Ikakua, ikawa kweli mashine ya kusaga, kule mbali juu ya maji. Mtu asiyejua ndege, mzee wa tairi, alisikia wazi.

Akawatazama wenzake. Macho yao yalikuwa yamefumbwa, lakini nyuso zao zilikuwa zimesikia. Mkono wa Nurdin ulipanda mpaka kiunoni, ukasimama, ukaingia mfukoni. Shaibu alikuwa anauma mdomo. Hakuna aliyeinua. Walikuwa wanamsubiri yeye.

Odeta alisimama katikati yao, uso umetulia, kama mtu anayeombewa. Ngurumo ilikuwa imejaa mgongoni kwao na yeye bado anasubiri ianze.

Ndipo Machibya akajua. Ule uji haukufurika kwa hasira. Na siku ile alipomwita uani mara moja akaacha. Na siku ile alipomwambia Luhende kaandika barua, akamwona anaendelea kufagia, akaweka barua mezani, akaenda zake na kinyongo wiki nzima. Tangu lini? Hakujua. Mke alale nawe kitanda kimoja, sikio lake lizimike, usijue. Nyumba nyingine wangegundua kwa siku mbili, kwa kuitana tu, kwa kugombana tu. Yake ilikuwa nyumba ya neno moja, na neno hilo lisipojibiwa linaachwa.

Hakufikiri. Mkono wake ulikuwa karibu na mkono wa mkewe. Akamgusa kidole cha mwisho, akakibana kidogo.

Odeta akafumbua macho. Akainua mkono.

"Leti," akasema.

"Leti!" Shaibu akapiga makofi, nguvu kuliko inavyostahili. "Spika kasema! Hoja imepita!" Wote wakapiga makofi. Ndege ikapita juu yao, samaki wa buluu mkiani, ikatua. Nurdin hakupiga makofi. Aliinama anafunga redio yake kwenye mfuko, akachelewa sana kwenye kifundo.

Walirudi nyumbani bila kusema. Kwao hilo halikuwa jambo. Odeta akapika, wakala. Kisha akachukua tupa, akakaa uani, akanoa fyekeo. Alinoa polepole, makali yote mawili, akalijaribu kwa kidole gumba, akaliweka nyuma ya mlango.

Machibya alimtazama na moyo ukawa mzito. Alitaka kumficha aibu mbele ya watu, jambo la mume yeyote. Sasa aibu ile ilikuwa imenolewa na iko nyuma ya mlango. Kesho Odeta atakwenda aseme masikio mazima. Nkwabi atakubali, kaahidi. Wanawake kumi na mmoja watainama, na Rebeka atavuka na mzigo. Na kule uzioni watu sita watasema walishuhudia, Spika kaisikia Leti. Angekaa kimya hivyo hivyo, kama siku zote, ingepita. Kukaa kimya alikuwa anakuweza kuliko mtu yeyote Pasiansi.

Jumatatu hakufunga viatu. Odeta alipochukua fyekeo, alimkuta mumewe amesimama mlangoni. Hakuwahi kumzuia njia miaka yote ya ndoa. Machibya alikuwa ameshajua pa kusimama. Alisimama mbele yake, penye mwanga, mdomo unaonekana.

"Odeta," akasema. "Jana hukusikia. Mimi ndiye nilikugusa. Mwambie Nkwabi kweli."

Lilikuwa neno refu kwake. Lilimtoa jasho.

Odeta aliegemeza fyekeo ukutani. Akakaa kwenye kigoda.

"Najua ulinigusa," akasema. "Sikio ndilo limekufa, kidole bado."

"Sasa ulikuwa unakwenda kusema nini?"

"Sijui. Nilisema nifike nione nyuso zao, mdomo utachagua wenyewe." Akatazama mikono yake. "Nikisema hapana, Baba Luhende, mimi nitakuwa nani kule? Mkata nyasi tu. Wako wengi."

Machibya akachukua fyekeo, akaliweka begani kwake, akasema, "Twende wote."

Watu wa barabara ya kiwanja waliwaona, mzee anatangulia na fyekeo, mke nyuma. Hawakuzoea kuwaona pamoja. Langoni Nkwabi alikuwa anasubiri, na wanawake wamekaa kwenye mtaro. Rebeka alikuwepo. Wakasimama.

Odeta hakumwendea Nkwabi. Aliwaendea wale.

"Jamani," akasema, "ile ndege ina sauti. Inasikika na kila mtu, hata na huyu mzee wangu asiyejua Foka na baiskeli. Mimi ndiye sisikii. Nasikia ikishafika kichwani. Sikio limeondoka kidogo kidogo, sikutaka kulijua." Akavuta pumzi. "Rebeka, nisamehe. Kuanzia leo msinitazame tena. Mmoja asimame, macho kwenye bendera, kazi yake hiyo hiyo tu, akichoka mwingine ashike. Anayetazama asifyeke. Mmesikia?"

Wakaitikia pamoja, kwa nguvu, mpaka mlinzi akatoka kibandani. Walikuwa wanahakikisha kwamba anawasikia.

Rebeka akamshika mkono. "Mayu, usiende. Kaa uwe unatuonyesha."

Nkwabi naye alisema hivyo hivyo. Alimpa kazi ya kupanga zamu, akae kivulini. Kuanzia kesho yake Odeta alikaa siku mbili. Siku ya tatu alirudi mapema, akavua viatu, akasema ameacha. Alisema hawezi kukaa pale anaona Foka anatua mdomo wazi, bila mluzi, kama picha.

Mpaka leo wanafyeka kwa zamu, mmoja amesimama. Hakuna aliyeguswa na ndege.

Mwaka uliobaki alikaa nyumbani. Machibya alianza kusema, hakuwa na ujanja. Ndege ikipita alitoka uani, akazunguka mbele ya mkewe, akasema, "Foka." Odeta anatazama juu, anasema, "Foka gani, hiyo Boeing, umri wote huu!" Jioni zingine alipita kwa Nurdin kumuuliza, ajue cha kusema akifika. Alikuwa anakosea kila siku. Alichoka sana mwaka ule. Kusema kunachosha, hasa ukianza uzeeni.

Lakini swali lake lenyewe aliliuliza mara moja tu, Jumatatu ile ile, wakitoka langoni. Jua lilikuwa limepanda. Fyekeo lilibaki kwa Rebeka, mikono yao mitupu wote wawili, hawajui waiweke wapi. Walipofika penye mti wa kwanza wa barabara Machibya alisimama, akamzunguka, akamtazama usoni.

"Mbona hukuniambia?"

Odeta alimtazama mdomo mpaka ukafunga. Kisha akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka ikabidi ashike mti. Akapangusa macho na ncha ya kanga, akasema:

"Baba Luhende, ningekwambia lini? Wewe ulikuwa huongei, mimi nilikuwa sisikii. Nikaona tunaelewana."